Jina Langu Lilikwenda Kazini Bila Mimi

Kicheko ndicho kilichotangulia. Kilitoka nyuma ya ubao uliokata chumba katikati, kicheko kifupi cha mwanamke, cha puani, kama mtu aliyeonyeshwa noti bandia. Kisha kidole kikaanza kugonga meza, taratibu. Mimi nilikuwa upande wa pili na vyeti vyangu magotini, na kabla sijamwona mtu yeyote nilishajua kwamba anayechekwa ni mimi.

Mliokuwa nami tangu mwanzo wa simulizi hizi mtandaoni mnajua nilivyofika kwenye kiti kile. Mnajua goti lililonitoa jeshini siku ya pili ya usaili. Mnajua gari nililobebea abiria lilivyoshika moto kwenye njia ya Buraida. Mnajua miaka minne ya kuzungusha vyeti vyangu vya ufundi umeme katika kila mlango uliofunguka hapa Hail, na kurudi navyo vimekunjamana.

Juma lililopita niliwaacha na furaha. Kampuni moja ya madini kule kaskazini ilikuwa inatafuta mafundi umeme wa reli yake. Tuliomba watu mia tisa, nafasi sita, na mimi, Hazaa bin Sayyah, nilikuwa wa nne. Kilichobaki ni kwenda ofisini kwao Jumatano asubuhi kutia saini. Kanzu niliipiga pasi mara mbili. Mama alinifukizia udi mpaka nikakohoa. Msikitini nilishawaambia watu, na wasioniuliza pia niliwaambia.

Basi aliyecheka akatoka. Kifuani alikuwa na kitambulisho: Raghad, afisa ajira. Nikabu nyeusi, macho makavu. Hakukaa.

"Ndugu Hazaa, fomu ilikuuliza kama umewahi kuajiriwa. Ulijibu nini?"

Nikamwambia nilijibu ukweli. Sijawahi.

"Hata siku moja?"

"Hata saa moja."

Akageuza kioo cha kompyuta kikanitazama. Palikuwa na jina langu. Namba yangu ya kitambulisho. Siku yangu ya kuzaliwa. Mhudumu wa mapokezi, maduka ya mazulia na mapazia ya Abu Thamer. Miezi ishirini na sita, na bado yuko kazini.

"Kiti hicho hukaliwa na watu wa aina mbili," akasema. "Waongo na waliolala. Nataka nijue wewe ni yupi, maana waongo nawatoa mimi na waliolala wanajitoa wenyewe."

Damu ikanipanda. Nikamjibu kwamba katika ukoo wetu hakuna mwongo, na kwamba yeye angekuwa mwanamume tungekwenda kuzungumza nje. Akaniangalia kama mtu anavyomwangalia mbuzi aliyeingia ofisini.

Akanieleza mambo bila huruma. Yeye hawezi kumsajili mtu ambaye tayari yuko kwenye orodha ya mwajiri mwingine, mfumo wenyewe unakataa. Niende nikaachiliwe. Niwe nimeachiliwa kabla ya adhuhuri ya kesho, Alhamisi. Adhuhuri ikipita, anampigia simu mtu wa saba. Wa saba ni msichana wa Baqaa, alama zake ni chini ya zangu, lakini jina lake ni safi.

"Mwezi huu wewe ni wa tano kukutwa hivi," akasema akiwa ameshanipa mgongo. "Nyinyi mnalia hakuna kazi. Sisi tunalia hatupati watu. Na katikati kuna majina yanayokwenda kazini bila wenyewe."

Nilitoka pale natoa moshi.

Si kwamba wafanyakazi hewa sikuwajua. Kwetu kila duka lenye wafanyakazi wa kigeni linatakiwa liwe na wenyeji kwa idadi fulani. Idadi ikitimia, duka linaandikwa kijani na mambo yake yanakwenda. Ikipungua hata kwa mtu mmoja, linaandikwa jekundu na kila mlango wa serikali unafungwa. Kwa hiyo matajiri huokota majina ya wenyeji kama watu wanavyookota kuni, wanayapanga kwenye orodha, na wenye majina wanabaki majumbani kwao. Nilikuwa nikiwacheka watu wa namna hiyo. Nilishawatungia hata beti za kashfa, zikazunguka kwenye simu za watu. Sikujua najikashifu mwenyewe.

Dukani kwa Abu Thamer nilimkuta karani wake, Msudani mmoja mrefu anayeitwa Babikir, miwani yake imeshikizwa kwa uzi. Nikamtupia kitambulisho mezani. Akakisoma, akasimama, akanipa mikono yote miwili.

"Karibu kazini, ustadhi. Miaka miwili na ushei, hujachelewa dakika moja. Hujaumwa. Hujafiwa. Tungepata wengine wanane kama wewe, tungefunga duka tukalale."

Wauzaji wawili waliokuwa wakikunja zulia wakainama kuficha meno.

Nikamshika shingo ya shati. Hakushtuka. Alisubiri nimwachie, akajinyoosha, akaenda kwenye kabati akarudi na faili. Ndani mlikuwa na picha yangu ya sekondari, masharubu hayajaota. Mlikuwa na mkataba, na mkataba ulikuwa umekubaliwa kwa tarakimu nne zilizotumwa kwenye simu yangu mimi, na siku na saa yake zimeandikwa.

Hapo nikakaa chini. Na hapa ndipo ninapoungama.

Siku ile naikumbuka. Mjomba Farraj, ndugu yake mama, alikuja nyumbani baada ya sala ya alasiri. Hakukaa hata kitako. Akaniambia, "Hazaa, nakutegemea. Zimeingia tarakimu nne kwenye simu yako. Nisomee." Nikamsomea. Sikuuliza za nini. Kwetu mjomba akisema anakutegemea, hutoi swali, maana anayeuliza anaupima wema kabla ya kuutoa, na anayeupima ni bahili. Wengine wangeuliza. Mimi nilikuwa na jina la kulinda, na nililinda jina kwa kuligawa. Jioni yake nilijisifu mbele ya wenzangu kwamba mjomba wangu hakumaliza sentensi nikawa nimeshamtimizia.

Nikampigia simu pale pale, Babikir anasikiliza bila kujificha.

Mjomba Farraj hakukana. Aliniambia kwa sauti ya mtu anayenawa mikono kwamba jina langu lilikuwa limekaa bure. Abu Thamer alikuwa na shida ya mwenyeji mmoja, yeye alikuwa na lori lisilo na mzigo. Akatoa jina, lori likapata mzigo. Nikamuuliza kuhusu mshahara uliokuwa ukiandikwa kwamba naupokea. Akasema kadi ya benki iko kwake, salama.

"Ulikuwa unalitumia kwa kazi gani hilo jina, mwanangu?" akaniuliza. "Kulalia? Ngamia asiye na safari si huazimwa na ndugu?"

Nikamwambia nina kazi ya kweli, natakiwa niachiliwe kabla ya adhuhuri ya kesho.

"Kazi ya kweli," akarudia, kama anaionja. "Mwachie Abu Thamer apite Ramadhani kwanza, kisha tutaangalia." Akakata simu.

Babikir akasema kwamba yeye hana amri, amri iko kwa tajiri, na tajiri hukaa barazani kwake kila siku baada ya alasiri. Nilimuuliza kama kuna njia ya kwenda kushitaki kwenye ofisi ya kazi. Ipo, akasema, na huchukua majuma matatu mtu akiwa na bahati. Akanitazama juu ya miwani. "Wewe umebakiwa na masaa ishirini na tano. Nenda kamwombe. Au katunge shairi."

Sikwenda kuomba. Nilikwenda na silaha ambayo kila mwanamume wa kwetu anazaliwa nayo.

Kwetu mgeni akiingia barazani humiminiwa kahawa. Akiipokea akaiweka chini bila kuinywa, ametangaza kwamba ana haja. Mwenye nyumba hana pa kukimbilia. Mgeni akiondoka na finjani yake imejaa, habari itamtangulia mwenye nyumba kila aendako, na watoto wake watakuja kuchekwa kwayo. Kwa hiyo huambiwa anywe, haja yake imekwisha, na ikishasemwa hivyo mbele ya watu huwa imekwisha kweli. Wazee wetu walisamehe damu kwa finjani ya namna hiyo. Mimi sikutaka damu. Nilitaka jina langu.

Barazani palikuwa na wanaume kumi na wawili, wamekaa mgongo ukutani, dele ya kahawa inachemka kwenye makaa. Mjomba Farraj alikuwa mmoja wao. Aliponiona akajifanya anatafuta tasbihi yake. Nikawapa mikono kuanzia kulia, mmoja mmoja, nikakaa. Abu Thamer mwenyewe akasimama kumimina. Ni mtu mnene, ndevu za hina, mkono mwepesi. Nikapokea kwa mkono wa kulia, nikaiweka finjani juu ya zulia mbele ya magoti yangu.

Mzee mmoja aliyekuwa anasimulia habari za mvua akabaki kinywa wazi.

"Kunywa kahawa yako, Hazaa," akasema Abu Thamer.

"Kahawa yako ina heshima yake, Abu Thamer. Lakini siinywi mpaka nipate haja yangu."

Sauti yangu ilitoka nzuri. Niliisikia mwenyewe. Nikaona vichwa vinatikisika kwa kuridhika, nikaona mjomba ameacha tasbihi.

Abu Thamer hakusita. "Kunywa. Haja yako imekwisha."

Na mimi nikanywa.

Nikanywa. Mtu mwenye akili huitaja haja kwanza, aipate kwa jina lake, ndipo ainue finjani. Hilo nilifundishwa tangu sijajua kuvaa agali, ile kamba ya kilemba. Lakini nilisikia mnong'ono wa sifa ukizunguka ukuta, nikasikia mtu anasema huyu ndiye mwana wa Sayyah, na mkono ukainuka wenyewe. Kahawa ilikuwa haijafika tumboni nikaona macho ya Abu Thamer yanacheka.

"Jamaa, mmeshuhudia," akasema, dele bado mkononi. "Kijana huyu amehangaika miaka minne bila kazi, na sisi tupo. Leo amekuja kwangu kuomba kazi, haya imemziba mdomo. Sasa mimi nimrudishe mwana wa Sayyah mikono mitupu? Kuanzia Jumapili atakaa dukani kwangu, mapokezi. Sitaki asante."

Baraza likalipuka kwa dua. Mjomba Farraj akainuka, akamwendea, akambusu begani. Mmoja akanipiga mgongoni akaniambia nimefika. Mwingine akaniambia niwe natabasamu, mapokezi wanataka tabasamu.

Nikasema siyo hiyo. Nikasema haja yangu ni kuachiliwa, kwamba jina langu liko kwake bila ridhaa yangu, kwamba nina kazi kwenye reli na kesho adhuhuri inanipotea. Nilisema yote, tena kwa sauti. Lakini nilikuwa nasema nikiwa na finjani tupu mkononi, na hakuna aliyeyasikia maneno. Waliiangalia finjani.

"Umeshakunywa, kijana," akasema Abu Thamer, bado anatabasamu. Kisha tabasamu likaondoka. "Nikuachilie niwe mwekundu? Nina wafanyakazi kumi na wanane, vibali vyao vinaisha mwezi huu. Watakaohuisha ni hao watu wako wa madini? Wewe utakwenda kukaza nyaya zako, mimi nifunge maduka manne. Kaa kwangu. Ukichoka kukaa, rudi kwenu ulale. Mimi sitakuuliza, kama ambavyo sijawahi kukuuliza."

Watu wakacheka. Hilo ndilo lililonichoma, kwamba walicheka wote kwa pamoja.

Nikamgeukia mjomba. Nikamwambia mbele yao kwamba aliniazima jina kwa hila.

Mjomba Farraj akanijibu bila kuinua sauti. "Umelewa sifa za watu wa mtandao, Hazaa. Umekuja kwenye nyumba ya mtu, umenywa kahawa yake, sasa unamtukana. Ungekuwa mwanangu ningejifunika uso kwa kilemba."

"Bahati yangu sikuwa mwanao. Ungeshaniazima mpaka viatu."

Wawili wakanishika mikono, kwa upole ule unaotumika kumtoa kichaa msikitini, wakanifikisha mlangoni. Katika wanaume kumi na wawili hakuna hata mmoja aliyenisimamia. Nilishangaa. Wengine walinijua tangu nikiwa natambaa, na wengine walinichukia kwa haki, lakini kumi na wawili wote?

Uani, karibu na lango, kuna chumba kidogo ambamo Abu Thamer huwekewa karatasi zake za kutia saini. Mlango ulikuwa wazi. Babikir alikuwa ndani, kompyuta mbele yake.

"Ingia," akasema. "Funga."

Nikamwambia kama ana mzaha mwingine autoe haraka, maana safari hii sitaishia kwenye shati.

"Nimemaliza mizaha. Asubuhi nilikuwa nakuchochea. Mtu aliyetulia hanifai."

Akanieleza kwa ufupi, na alinieleza mara moja tu. Miaka tisa yuko kwa Abu Thamer. Amepata kazi ya uhasibu kwenye hospitali moja huko Tabuk. Aliomba aruhusiwe kuhama, akaambiwa akiomba tena ataripotiwa kuwa mtoro, asakwe na polisi. Lakini duka likiwa jekundu, wafanyakazi wake wanaruhusiwa kuhama bila kumwomba tajiri. Na ili Abu Thamer awe mwekundu, anatakiwa apungukiwe na jina moja tu.

"Jina lako," akasema. "Ufunguo wa mfumo anao yeye, ila kidole kinachobonyeza miaka yote ni changu. Naweza kukuachilia sasa hivi. Ujumbe utaingia kwenye simu yake papo hapo, na mimi nitakuwa sina kazi wala pa kulala. Hilo nimelikubali."

Nikamwambia basi abonyeze, anangoja nini.

"Nangoja wewe. Nikikuachilia peke yako, juma lijalo ataokota jina jingine, awe kijani tena, mimi nibaki nimeungua bure. Nataka mtu aende kwa wakaguzi wa kazi awataje wote, ili asiweze kuokota. Mtu mwenyeji. Mimi nikienda wataniuliza kibali changu kabla ya kuniuliza jina langu."

Akasukuma karatasi mezani. Majina kumi na moja. La kwangu lilikuwa la tatu. Nikayasoma, na nilivyozidi kusoma ndivyo baraza lile lilivyozidi kunifungukia. Mwana wa yule mzee wa mvua. Mabinti wawili wa yule aliyeniambia nitabasamu, jirani yetu. Mke wa yule aliyenishika mkono wa kushoto. Hapakuwa na mtu mle ndani ambaye duka la Abu Thamer likiwa jekundu halimgusi. Nilikuwa nimekwenda kuwaomba wawe mashahidi wa kesi wakati wote ni washitakiwa.

La tisa likanisimamisha.

Muhra bint Dhaifallah. Msimamizi wa mauzo.

"Huyu ni mama yangu," nikasema.

"Najua," akasema Babikir. "Wewe unaweza kuwaambia wakaguzi kwamba hukujua, na ni kweli. Yeye kuna alama ya dole gumba lake. Alikuja mwenyewe na kaka yake, akanywa chai, akakaa kwenye kiti cha mapokezi. Kiti chako." Akavua miwani akaifuta. "Na anayekubali jina lake litumike anaandikiwa kosa, sawasawa na tajiri. Nakuambia sasa ili usije ukasema nilikuficha."

Nikampigia mama.

Nilisikia kifuniko cha sufuria kikiwekwa. Nikamuuliza kama jina lake liko kwa Abu Thamer.

"Lipo," akasema. "Dole ni langu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe uliniambia la kwako?"

Nikamwambia la kwangu nimelijua leo. Akacheka, kicheko chake cha chini.

"Basi tumefanya kazi duka moja miaka yote hiyo na hatujaonana."

Sikucheka. Nikamwambia nimepoteza reli kwa ajili ya mzaha huo. Nikamwambia maneno mengine ambayo mtu hamwambii mama yake, na sitayaandika hapa. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Umemaliza?" akasema. "Sasa sikia na mimi. Kile unachokula ukimsifu mjomba wako kwa ukarimu, ni cha dole langu. Hilo moja. La pili, mimi nina miaka hamsini na tatu. Nimeitwa binti wa fulani, mke wa fulani, mama wa fulani. Siku ile yule Msudani alinisomea karatasi: msimamizi wa mauzo. Nikamwambia hebu rudia. Akarudia. Nikajua ni uongo, Hazaa, sina wazimu. Lakini niliusikiliza njia nzima."

Babikir alikuwa anaangalia sakafu. Alikuwa anakumbuka.

Nikamwambia mama kilichopo mezani. Orodha, wakaguzi, kosa atakaloandikiwa. Nikamwambia kwamba nikinyamaza, kesho adhuhuri msichana wa Baqaa anachukua nafasi yangu, na Jumapili mimi nakaa mapokezi natabasamu. Nikamwambia pia, kwa sauti ndogo, kwamba orodha ni karatasi tu, jina moja linaweza kufutwa kabla haijafika kwa wakaguzi.

"Na mabinti wawili wa jirani je, utawafuta?" akauliza. "Au wao mama yao hana mtoto fundi umeme?"

Nikaisukuma karatasi mbali nami.

"Mimi sikukatazi na sikutumi," akasema mama. "Nikitajwa, harusini hakuna atakayenisogezea sahani. Nitaaibika, na Farraj hatavuka mlango wangu tena. Nataka kitu kimoja tu. Nisije nikayasikia kwa majirani. Nisikie kwa mdomo wako, nijue leo."

Huko barazani mlango ukafunguka. Sauti ya Abu Thamer ikamwita karani wake, mara moja, kisha mara ya pili kwa ukali. Kandambili zikaanza kuburura uani, zinakuja kwetu.

Babikir akarudisha miwani machoni, akaweka kidole juu ya kitufe. Nikafungua kinywa nimpe neno langu, akatikisa kichwa.

"Usiniahidi mimi," akanong'ona. "Mimi ni mgeni, ahadi kwangu ni nyepesi kuvunja. Mwahidi huyo."

Kandambili zikafika kwenye ngazi. Nikaisogeza simu mdomoni, na sikunong'ona, nilisema kwa sauti ya kusikika mpaka nje.

"Mama, Jumapili asubuhi nitasimama mbele ya wakaguzi na kuyataja majina yote kumi na moja, na nitaanza na lako."